Programu Isiyoogopa Mtandao Kukatika

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na ninaifanyia Mwanza. Wateja wangu wakubwa ni vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita vikoba, na vingi viko nje ya mji: Magu, Sengerema, na zaidi ya yote Ukerewe, kisiwa ambacho kutoka hapa unakifikia kwa meli. Wanachama wa vikundi hivyo ndio walionifundisha jambo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu linamgusa kila anayetumia simu janja na kila anayefikiria kumlipa kijana amtengenezee programu. Huku kwetu, programu nzuri huanza kujengwa kwa swali la mtandao ukikatika itakuwaje. Rangi, nembo na vitufe vya kupendeza vinafuata baadaye.

Na mtandao hukatika kwa njia nyingi. Mnara unakosa umeme. Bando linaisha. Laini inaonyesha vijiti vitatu lakini hakuna kinachopita. Simu inazima chaji mwenyewe akiwa katikati ya kuandika. Mtengenezaji aliyekaa ofisini penye Wi-Fi haoni hata moja kati ya hayo, na programu yake ikifika kijijini inazungusha kiduara kwenye kioo mpaka mtu anakata tamaa na kurudi kwenye daftari la karatasi. Anayerudi kwenye daftari yuko sahihi kabisa, kwa kuwa daftari linafunguka saa yoyote.

Kufuli tatu

Ambaye hajawahi kukaa kwenye kikundi cha aina hii anahitaji maelezo mafupi. Mtindo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Tanzania leo inavitambua vikundi hivi kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoviweka daraja la nne. Katika vikundi ninavyovihudumia, wanachama hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kijitabu chake. Mwenye shida anakopa na kurejesha kwa riba waliyokubaliana. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida baada ya mwaka, kikundi kinavunja na kila mtu anapata mgao kulingana na hisa zake.

Fedha na vijitabu vinalala ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na hakuna anayeweza kugusa kijitabu katikati ya wiki. Kabla ya kuondoka, salio lililobaki sandukuni linatangazwa kwa sauti na kila mwanachama analikariri. Wiki inayofuata wanaanza kwa kulitaja tena, ndipo fedha zihesabiwe mbele ya wote.

Nilipokwenda Nansio, huko Ukerewe, kuzungumza na kikundi kimoja kuhusu kuhamishia kumbukumbu zao kwenye simu, mweka hazina, mama mtu mzima ambaye wote wanamwita Bibi, aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, kufuli zetu tatu zitakaa wapi ndani ya hiyo simu?"

"Zitakuwemo, Bibi," nilimjibu.

Jibu hilo ndilo likawa mpango mzima wa kazi. Programu tuliyotengeneza haifungui mkutano mpaka wanachama watatu waweke namba zao za siri, kila mmoja yake, juu ya simu ileile. Mkutano ukifungwa, kumbukumbu zinasomeka lakini haziandikiki. Salio la mwisho linatokea kwa tarakimu kubwa zinazojaza kioo kizima, ili katibu ainue simu na watu walikariri kama walivyozoea. Sikuvumbua ulinzi wowote mpya. Kikundi kilikuwa na mfumo imara, uliojaribiwa kwa miaka, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha simu haiudhoofishi.

Daftari linalokaa ndani ya simu

Msomaji anaweza kuuliza: kama hakuna mtandao, hayo maandishi yanakwenda wapi? Yanabaki ndani ya simu yenyewe, kwenye hifadhidata ndogo iitwayo SQLite. Wengi hawajawahi kuisikia, lakini imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. WhatsApp ya kwenye Android huhifadhi meseji zako humo, na ndiyo maana unaweza kusoma mazungumzo ya mwaka jana hata kama bando limekwisha.

Historia yake inafaa kujulikana na kila kijana anayejifunza kazi hii. Aliyeitengeneza ni Mmarekani, D. Richard Hipp, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000. Wakati huo alikuwa anaandika programu ya kutumika ndani ya manowari ya jeshi la majini la Marekani. Programu ilitegemea hifadhidata iliyokuwa kwenye seva, na seva ikigoma, programu nzima inakwama, ingawa yenyewe haina kosa lolote. Hipp akajiuliza kwa nini kusoma taarifa kuhitaji seva. Akaandika hifadhidata isiyohitaji seva kabisa: faili moja tu, linalokaa palepale programu ilipo. Kisha akaiachia dunia nzima itumie bure, bila leseni wala malipo.

Kuna sifa moja ya SQLite inayoifaa kazi ya fedha kuliko zote. Inapoandika, huandika yote au haiandiki kitu. Tuseme katibu anarekodi marejesho ya mkopo: deni la mwanachama lipungue na salio la sanduku liongezeke. Simu ikizima chaji katikati, haiwezekani ikawaka kesho na kukuta deni limepungua huku salio halijaongezeka. Ama mabadiliko yote mawili yapo, ama hakuna hata moja na katibu anaandika upya. Mtengenezaji anapaswa kuyafunga mabadiliko hayo pamoja kwa makusudi, na ni kazi ya mistari michache. Asiyeifanya anaweka fedha za watu hatarini.

Safari ya hisa tatu

Tufuate tukio moja hatua kwa hatua. Mwanachama namba 14 ananunua hisa 3. Katibu anagusa jina lake, anaweka 3, anabonyeza Hifadhi.

Kwanza programu inatengeneza utambulisho wa pekee wa tukio hilo, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaobuniwa na simu yenyewe bila kuuliza mtu. Ni mrefu kiasi kwamba simu mbili, hata mia, haziwezi kwa vitendo kubuni mfuatano unaofanana. Kisha inaandika mstari kwenye daftari la ndani: utambulisho, mwanachama, idadi ya hisa, namba ya mkutano. Hapo hapo kioo kinaonyesha "Imehifadhiwa kwenye simu hii", na katibu anaendelea na mwanachama namba 15. Hajasubiri mtandao hata kidogo.

Nyuma ya pazia, mstari uleule umewekwa kwenye foleni ya kutumwa. Google wana chombo kiitwacho WorkManager, kilichokamilika mwaka 2019, ambacho kazi yake ni kusubiri. Unakiambia: mtandao ukipatikana, tuma hizi. Kinakumbuka agizo hata simu ikizimwa na kuwashwa. Katibu akienda gulioni kesho na simu ikashika mtandao, foleni inaanza kutoka yenyewe.

Hatua inayofuata ndiyo inayopima umahiri wa mtengenezaji. Seva inapokea mstari, inauhifadhi, inarudisha jibu la "nimepokea". Jibu hilo nalo linasafiri kwenye mtandao uleule mbovu, na linaweza kupotelea njiani. Simu haijui kama mzigo haukufika au ni jibu lililopotea, kwa hiyo inatuma tena. Kama seva haikuandaliwa, mwanachama namba 14 atakuwa amenunua hisa 6. Kama iliandaliwa, inatazama ule utambulisho, inaona tayari inao, inajibu "ninao" bila kuandika mara ya pili. Mstari unaweza kutumwa mara kumi, daftari la seva litabaki na hisa 3. Kijana yeyote anayeomba kazi kwangu namuuliza kwanza jambo hili, na hata lugha ya programu anayoipenda naiuliza baadaye.

Zipo kanuni nyingine mbili tulizojiwekea. Ya kwanza, hakuna kinachofutwa. Katibu akikosea, anaongeza mstari wa kusahihisha, na mistari yote miwili inaonekana. Vikundi vimekuwa vikifanya hivyo kwenye karatasi: neno lililokosewa linapigwa mstari mmoja ili bado lisomeke, na pembeni katibu anatia sahihi. Wahasibu wa mabenki wanafuata utaratibu uohuo.

Ya pili, saa ya simu haiaminiki. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kuwaka ikidai ni mwaka mwingine kabisa. Kwa hiyo mistari yetu inapangwa kwa namba ya mkutano na namba ya mstari, na tarehe inabaki kuwa maelezo ya ziada tu.

Isitoshe, tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu isiyoguswa hulazwa usingizi ili kuokoa chaji, na programu zinazofanya kazi kimyakimya hucheleweshwa. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza ukali juu ya hapo na kuziua kabisa. Ndiyo sababu kwenye ukurasa wa mbele tumeweka idadi ya mistari ambayo bado haijatumwa, na kitufe cha "Tuma sasa". Mtumiaji ana haki ya kujua taarifa zake ziko wapi.

Malipo yanayobonyezwa mara mbili

Fedha za simu tumezizoea. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Mtumiaji wa kawaida haoni kinachotokea mwanachama aliye safarini anapolipia hisa zake kupitia programu, kwa hiyo nitakieleza.

Anabonyeza Lipa. Programu inapeleka ombi kwa seva yetu, seva yetu inapeleka kwa kampuni ya simu, na kampuni inaibua kidirisha kwenye simu yake kikimwomba namba ya siri. Akiiweka, kampuni inakata fedha, kisha inarudisha taarifa kwa seva yetu kwamba muamala umekamilika. Wakenya wanaotengeneza programu wanaufahamu mlango huu wa kupitishia maombi ya malipo kwa jina la Daraja, ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017.

Tatizo liko kwenye taarifa ile ya mwisho. Inaweza kuchelewa, na inaweza isifike. Mtu amekatwa fedha, ujumbe wa muamala ameupata, lakini programu bado inasema "inasubiri". Anabonyeza tena. Mtengenezaji makini anafanya mambo matatu hapa. Anafunga kitufe mara kinapoguswa. Anatumia utambulisho uleule kwa jaribio lilelile, ili kubonyeza mara mbili kusizae malipo mawili. Na hakai akisubiri kuletewa taarifa: baada ya muda, seva yake inauliza yenyewe kwa kampuni ya simu muamala ule umefikia wapi. Nawe mtumiaji, ukiona programu imekwama kwenye malipo, usirudie kulipa. Angalia kwanza ujumbe wa muamala na salio lako.

Tusiisahau pia njia ya zamani ya nyota na reli. Haihitaji bando, haihitaji simu janja, na inafanya kazi kwenye kitochi. Mipaka yake ni migumu: kila ukurasa una nafasi ya herufi 182 tu, na ukichelewa kujibu, menyu inakatika. Lakini kwa mwanachama asiye na simu janja anayetaka tu kujua salio lake, ni njia halali kabisa, na programu ya kikundi isiyomfikia mwanachama huyo ina upungufu.

Uzito wa programu ni gharama ya mtu

"Simu imejaa" ni sentensi ninayoisikia kila ninapokwenda kufundisha matumizi. Picha, sauti za WhatsApp na video za kutumiana zimemaliza nafasi, na simu nyingi ninazokutana nazo ni za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo. Google walilitambua hilo mwaka 2017 walipotangaza Android Go, toleo jepesi lililolenga simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu. Mfumo mwepesi hausaidii kitu kama programu yenyewe ni nzito.

Programu yetu haitakiwi kuzidi MB 10, na nikitaka kuongeza kitu lazima kingine kipungue. Njia za kupunguza uzito zinajulikana. Michoro inaandikwa kwa mistari badala ya picha kubwa. Picha zinazobaki zinahifadhiwa kwa muundo wa WebP, ambao ni mwepesi kuliko JPEG. Chombo kiitwacho R8 kinapitia msimbo wote na kutupa sehemu zisizotumika. Na tangu Agosti 2021 kila programu mpya inayopelekwa Google Play lazima iwe katika muundo wa kifurushi ambacho duka lenyewe linakichambua, ili simu yako ipakue vipande vinavyoifaa peke yake: lugha zako, ukubwa wa kioo chako, aina ya prosesa yako.

Hapo ndipo uchaguzi wa zana unapokuja. Vijana wengi siku hizi wanaanza na Flutter, zana ya Google ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Ubora wake ni kwamba unaandika mara moja, kwa lugha ya Dart, na kupata programu ya Android na ya iPhone. Naitumia kwa wateja wa mjini wanaohitaji zote mbili. Lakini Flutter hubeba injini yake ndani ya kila programu, kwa hiyo unaanza na megabaiti kadhaa kabla hujaandika chochote. Kwa vikundi vya Ukerewe, ambako sijaona mwanachama mwenye iPhone, ninatumia Kotlin, lugha ya kampuni ya JetBrains ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017 na kuipa kipaumbele mwaka 2019. Zana zote mbili ni bure, na kompyuta ya kawaida yenye RAM ya kutosha inaziendesha. Kijana asikubali kuambiwa kwamba moja ni ya kisasa na nyingine imepitwa. Aangalie simu ya mtu atakayeitumia, ndipo achague.

Mkutano saa 8 mchana

Jambo dogo linaloleta usumbufu mkubwa ni saa. Kikundi kikisema mkutano ni saa 8 mchana, simu inapaswa kukumbusha saa 14:00. Vyombo vya kuchagulia saa vinavyokuja na Android vinahesabu kuanzia usiku wa manane, na katibu anayeweka 8 anajikuta ameweka kengele ya asubuhi au ya usiku. Tuliandika chombo chetu wenyewe: unachagua kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa kama tunavyoihesabu, na chini yake kwa maandishi madogo inaonekana saa ya kimataifa ili asiwepo wa kuchanganyikiwa. Ni kazi isiyozidi kurasa chache za msimbo. Nasikitika kuona programu za mabenki na za mabasi, zilizotengenezwa hapahapa kwa ajili ya watu wetu, zikiwalazimisha kupiga hesabu ya kujumlisha sita kila wanapotaka huduma.

Ruhusa na majina ya watu

Kabla ya Android 6, ukipakua programu ulikuwa unaikubalia kila ilichotaka kwa mkupuo. Tangu hapo, mambo nyeti kama kamera, mahali ulipo na orodha ya namba za watu lazima yaombwe moja moja, na una uhuru wa kukataa. Uhuru huo utumie. Programu ya tochi haihitaji namba za ndugu zako.

Madhara ya kutoutumia tumeyaona kwenye mikopo ya mtandaoni. Zilikuwepo programu zilizovuna majina yote kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, zinawatumia ujumbe mkwe wake, bosi wake na majirani zake. Tangu Mei 31, 2023, Google hairuhusu programu za mikopo binafsi kugusa orodha ya namba wala picha za mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Juu ya hayo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019.

Sisi tulichukua njia iliyonyooka: programu ya kikundi haiombi namba za watu, haiombi mahali, haiombi picha. Jina na namba ya uanachama vinatosha. Taarifa usiyoikusanya haiwezi kuibiwa kwako.

Akili iliyomo ndani ya simu

Watu wananiuliza sana kuhusu akili bandia, na wengi wanadhani lazima iwe kwenye mtandao. Mfano wa kinyume chake umefanyiwa kazi mashambani mwetu. Programu ya PlantVillage Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inatambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, na simu inampa jibu, kwa Kiswahili pia, kama kuna dalili za batobato au za michirizi ya kahawia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliojenga msingi wake ulitumia picha za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani Tanzania.

Kinachonivutia ni mahali jibu linapotolewa. Kompyuta kubwa hutumika wakati wa kufundisha mfumo tu. Ukishafunzwa, unabanwa na kuwekwa ndani ya simu kwa zana ya Google iliyoitwa TensorFlow Lite, ambayo tangu 2024 inaitwa LiteRT. Mkulima aliye katikati ya shamba lisilo na mtandao anapata jibu palepale, bila kutuma picha popote. Hiyo ndiyo akili bandia inayotufaa: ndogo, ya kazi moja, na inayokaa alipo mtumiaji.

Zipo pia zana zinazoandika msimbo kwa niaba ya mtengenezaji. Nazitumia kila siku na zinaokoa muda. Lakini ukiziomba programu bila kuzieleza mazingira, mara nyingi zitakuandikia inayodhani mtandao upo daima. Anayejua hali ya Nansio ni wewe, na usipoitaja haitazingatiwa.

Masharti mapya ya kufuatilia

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii ajue gharama na masharti. Akaunti ya kuchapisha Google Play ni dola 25 mara moja. Apple wanatoza dola 99 kila mwaka. Mwenye akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima programu yake ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiweka sokoni. Walianza na watu 20, na Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Vijana wengi wanalalamikia sharti hili, na wengine wananunua wajaribu wa kukodi mtandaoni. Nawashauri watumie watu halisi. Kikundi kimoja cha kikoba kina wanachama wa kutosha, na wataona kasoro ambazo mjaribu wa kukodi hatazigundua.

Jambo la pili ni usasishaji. Tangu Agosti 31, 2025, programu mpya na masasisho yake kwenye Google Play lazima yaandaliwe kwa ajili ya Android 15 au zaidi, na kiwango hiki hupandishwa kila mwaka. Maana yake kwa mteja ni kwamba programu haiishi siku inapokabidhiwa. Mkataba usiotaja matunzo utakuachia programu ambayo baada ya muda haitakubali kusasishwa.

La tatu linahusu desturi yetu ya kurushiana programu kwa Bluetooth na Xender ili kuokoa bando. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba itawataka watengenezaji wote wathibitishe utambulisho wao, hata wale ambao programu zao hazipo kwenye duka lake, ili ziweze kuwekwa kwenye simu za Android zenye ithibati. Utekelezaji ulipangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea nchi nyingine kuanzia 2027. Mtengenezaji wa Afrika Mashariki ana nafasi ya kujiandaa mapema, na ni busara aitumie.

Kabla hujamlipa mtengenezaji

Nimalizie na neno kwa msomaji mwenye kikundi, duka au shule anayetaka programu. Usikubali kuonyeshwa kazi kwenye simu ya mtengenezaji, ofisini kwake. Mwambie aje na programu kwenye simu ya bei ndogo kabisa iliyopo kwenye kikundi chako. Weka simu katika hali ya ndegeni, rekodi malipo matatu, kisha izime ghafla na uiwashe tena. Malipo yako matatu yawepo. Rudisha mtandao, yatumwe, na yasizidi matatu. Muulize inaomba ruhusa zipi na kwa sababu gani. Muulize nani ataitunza mwakani na kwa bei gani.

Programu ikishindwa majaribio hayo, baki na daftari la karatasi na usimlipe mtengenezaji mpaka airekebishe.